Mji Aliousifia Wifi

6 Februari

Wifi yangu Redio,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ukiacha magoti yangu, ambayo siku hizi nayahesabu kama wanafamilia, maana yakiamka vibaya nyumba nzima inajua. Wajukuu zako mapacha wameota meno na wanauma kila kinachopita mbele yao, hata kamba za viatu vya baba yao. Mama yao amerudi kazini. Mwanetu amenenepa lakini anakataa, anasema ni mashati yanayosinyaa, na ananilaumu mimi niliyeyafua.

Sasa vuta kiti. Mwisho wa Juni nastaafu. Nimesimamia dobi ya hospitali mpaka ngozi ya vidole imekuwa ya mtu mwingine, nikikausha mashuka ya wagonjwa kwenye chumba kisicho na dirisha hata moja, na sasa basi. Nyumba ya wafanyakazi nairudisha siku hiyohiyo. Mwanetu ameshaamua nitakaa wapi: chumba cha nyuma ya jiko lake. Juzi alikuja na futi, akapima kitanda changu. Akasema, "Mama, utapumzika." Nikamuuliza, na mapacha watashinda na nani mchana? Akatazama dari.

Nawapenda wale watoto, Mungu anajua. Lakini sitaki kuacha mashuka ya wodi nikaanze nepi. Nataka bahari. Marehemu kaka yako na mimi tulisema tutazeekea pwani. Yeye alitangulia bila kuniachia hata maelekezo, ila ahadi ni ahadi. Nimebakiza miji miwili. Wa kwanza ni huo wako. Wa pili ni ule wa mnara wa kuongozea meli, kule baada ya rasi. Wewe ndiye unayeishi pwani, miji hiyo unaijua. Niambie ukweli: upi utanifaa?

Najua unacheka. Tangu unifahamu sijawahi kufuata ushauri wako hata mmoja. Uliniambia nisiolewe na kaka yako, ni mbishi na anakoroma. Nikaolewa, na kweli alikoroma, ila sikujuta. Ulisema makochi mekundu ni ya baa. Nikanunua mekundu. Lakini wewe andika tu. Ningekupigia simu, ila najua tangu ustaafu kuunganisha simu za watu na kuvua hedifoni za swichibodi umeapa hutashika simu tena mpaka ufe.

Wifi yako,
Pasi


27 Februari

Wifi yangu Pasi, moto usiopoa,

Barua imefika. Mimi mzima. Jino moja limeondoka, la kushoto, sikulilia, lilikuwa na kiburi. Seremala jirani ameoa tena, huyu ni wa tatu, na bado hajui kwa nini wawili wa kwanza walikimbia wakati mtaa mzima tunajua. Mwambie mwanetu tumbo halisinyai kwa kusingizia mashati. Mapacha nibusie, ila ya mbali, kwa sababu ya hayo meno.

Umeniuliza ukweli. Mji wangu huu usiujaribu, wifi. Kwanza unyevu: chumvi ukiiweka asubuhi, jioni unaikuta supu, na nguo ukiianika leo unaivaa wiki ijayo. Pili, soko liko mlangoni kabisa, mtu hapati hata mazoezi ya kutembea. Majirani hawana adabu: wakisikia jikoni kwako kimya wanakuletea chakula, na sahani ukiirudisha tupu wananuna, inabidi uongee nao. Daktari anakaa mtaa wa pili. Hafai. Anapita nyumbani kukuangalia bila kuitwa, na pesa hataki, sijui anatafuta nini. Unadhani hapo mtu atapumzika?

Mimi mwenyewe nakaa tu kwa sababu nimezoea. Chumba cha juu nimekipaka rangi. Si kwa sababu yoyote, rangi ilibaki.

Sasa mji wa mnara. Weee! Nimefika kule mara mbili na mara zote mbili niliondoka kwa huzuni. Kimya mpaka unasikia sindano ikianguka nyumba ya pili. Maji ya bomba matamu, hawachemshi. Wenye nyumba wa kule ni malaika: bati likivuja anapanda mwenyewe na nyundo. Kuna hoteli ndogo yenye baraza pana mbele ya bahari, nilikaa pale nikanywa chai nikasema, ningekuwa na akili ningehamia hapa kesho.

Ila sikushauri. Nani aliwahi kukushauri akapona? Fanya utakavyo, kama kawaida yako.

Wifi yako,
Redio


2 Aprili

Wifi Redio,

Nimechelewa, nisamehe. Mashine moja kubwa ilikufa na tulifua kwa mikono wiki nzima, mabosi wakipita na kusema "poleni" kisha wakienda zao kunywa chai. Mapacha wamepona mafua wakampa baba yao. Anaumwa kuliko wao wawili, analala na kitambaa kichwani, mkewe ameacha kumhurumia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nina maswali, usikasirike.

Hizo mara mbili ulizokwenda mji wa mnara, mbona hukuniandikia? Wewe ukinunua ndoo mpya unaniandikia kurasa mbili na unachora mkono wake. Umekwenda mahali pazuri hivyo ukanyamaza? Haya, nauliza tu.

Halafu hiyo rangi, ilibaki kutoka wapi? Nyumba yako naijua. Mara ya mwisho kupakwa rangi, marehemu alikuwa bado na nywele.

Na ngazi za kwenda huko juu, zipoje? Si kwamba nina sababu. Nafikiria tu watu wenye magoti kama yangu, wakikutembelea wanapandaje.

Mwanetu amenunua pazia la kile chumba cha nyuma ya jiko. Lina picha za tembo. Nikamwambia tembo ni wa watoto, akasema mapacha watakuwa wanalala humo pia, "kwa muda." Unaona mambo hayo? Lazima niamue kabla ya Juni, la sivyo nitazeekea chini ya tembo.

Pasi


20 Aprili

Wifi yangu,

Lo, maswali yako ni ya polisi. Mimi mzima, asante kwa kutouliza. Mke wa tatu wa seremala naye amekwenda kwao "kusalimia." Tunasubiri.

Sikuandika habari za mji wa mnara kwa sababu kuna vitu vizuri mtu anavificha. Nilijua nikikwambia utaukataa, halafu ukose raha kwa ubishi wako. Sasa umekuwa mtu mzima, nakwambia. Samaki wa kule hawana harufu. Watu wa kule hawasengenyi, hawana hata nafasi, wanashinda wakisalimiana. Jua la pale ni la upole.

Ngazi zangu ni mbaya. Nimeweka ubao wa kushikilia, seremala kauweka vibaya, unashikika mno, mtu anapanda bila hata kujisikia kama amepanda. Juu kuna godoro jipya ambalo nilijinunulia mimi, kwa ajili ya mgongo wangu. Liko juu kwa sababu halikupita mlango wa chini.

Muuza mboga wa hapa mdaku sana. Kila asubuhi ananiuliza, "Wifi yako anafika lini?" Sijui kasikia wapi. Unaona watu wa mji huu walivyo? Kaa nao mbali.

Nimesema yangu. Mji wa mnara, wifi, wala usigeuke nyuma. Lakini najua hutanisikiliza.

Redio


3 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Usishtuke, nimeandika "mpenzi" nikiwa na akili zangu zote.

Huku wazima. Mapacha wanatembea, mmoja anakwenda mbele, mwingine kwa sababu anazojua yeye anarudi kinyumenyume. Kazini wameshaniaga. Wamenipa saa ya ukutani, sijui wanadhani nitakuwa nawahi wapi. Yule mkuu wa stoo niliyegombana naye maisha yangu yote alilia kuliko watu wote, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze.

Jumapili nilikwenda kwenye kaburi la kaka yako. Nikang'oa majani, nikakaa. Nikamsomea barua zako zote mbili. Nikakumbuka zile wiki za mwisho wodini: mimi nilikuwa nahangaika kugombana na madaktari, na wewe ndiye uliyekuwa unalala kwenye kile kiti cha chuma pembeni yake, na asubuhi unajifanya umelala vizuri. Sikuwahi kukushukuru. Nikajiuliza, huyu mtu nampinga miaka yote hii, amenikosea nini, zaidi ya kuwa na sauti kubwa?

Basi, wifi, kwa mara ya kwanza nimekusikiliza. Naenda mji wa mnara. Nimepata nyumba ya vyumba viwili kupitia dada mmoja wa maabara ambaye shemeji yake ni dalali, na nimelipa kodi ya nusu mwaka. Nahamia tarehe moja Julai. Mwanetu amenuna, pazia la tembo amelirudisha dukani, wamemkatalia.

Nakiri kuna wakati niliwaza huko kwako. Lakini barua zako zote mbili zimesema wazi kwamba hapanifai, na sikulaumu. Mtu ana haki ya kutaka nafasi yake. Afadhali umenionyesha kwa upole.

Anwani yangu mpya iko nyuma ya bahasha. Asante, wifi. Kwa ushauri, na kwa kile kiti cha wodini.

Pasi


14 Juni

Pasi,

Simamisha kila kitu. Barua yako nimeipata sasa hivi, naandika nikiwa sijavua hata viatu. Salamu zitafuata.

Usihame bado. Sisemi usiende, nasema usiwahi. Nimesikia mambo. Kule kuna mbu siku hizi, wametoka sijui wapi. Kuna upepo vilevile, watu wanasema upepo wa pale hauna mchezo. Na huenda nilichanganya. Pwani ina miji mingi, mtu akifika umri wangu inaingiliana. Labda nilikosifia ni kwingine.

Kodi waambie wakurudishie. Waambie una ugonjwa. Waambie wifi yako ana ugonjwa.

Nilikwenda hadi kwa muuza mboga kuomba simu yake. Nikaishika, nikabonyeza namba yako yote. Halafu nikajiuliza, akipokea nitasema nini? Nikamrudishia, nikanunua vitunguu ambavyo sivihitaji.

Jibu haraka. Nakuomba. Unaona nimeandika "nakuomba"?

Redio


28 Julai

Wifi,

Sina hakika nianze na salamu gani. Barua yangu ya Juni imerudi leo. Mwanetu kaandika juu yake, kwa ule mwandiko wake wa kuku: "Mama amehama mapema, amepata usafiri." Kwa nini asiifungue akusomee kwa simu? Amelelewa vizuri mno, hilo ni kosa lako.

Kwa hiyo uko kule. Kama umefika salama niandikie. Sentensi moja inatosha. Hata tusi.

Mke wa seremala amerudi, naye amenyoosha mambo. Daktari alipita jana, akasema presha yangu imepanda, akaniuliza nina wasiwasi gani. Nikamwambia aangalie kazi yake.

Nasubiri.

Redio


19 Agosti

Wifi yangu mpendwa, mshauri wangu,

Nimefika salama, mzima wa afya. Nimenyamaza kwa sababu raha imenizidi, mtu akizama kwenye raha hapati muda wa kushika kalamu. Nakushukuru. Kila kitu kiko kama ulivyosema.

Kimya, kwa mfano. Kiwanda cha barafu kimeegemea ukuta wangu. Kinaanza kuunguruma kabla jogoo hajafikiria, vikombe vinatembea wenyewe kabatini. Ukungu ukishuka mnara nao unapiga honi ya kuonya meli. Siku ya kwanza nilijikuta nje nimeshika beseni na saa yangu ya ukutani, nikidhani tunahamishwa.

Maji matamu kweli. Maharage nayapika bila chumvi, na bado naona imezidi. Mwenye nyumba ni malaika, hilo nakuunga mkono, maana simwoni kwa macho. Bati linavuja kitandani, nimehamisha kitanda, likahamia huko huko. Samaki hawana harufu kabisa. Chenye harufu ni kila kitu kingine.

Nilitaka kwenda kunywa chai kwenye ile hoteli yako yenye baraza pana. Nikamuuliza kinyozi wa hapa mbele, mzaliwa wa papa hapa na babu yake pia. Akafikiri, akaita wateja wake wawili nao wakafikiri. Mama, akasema, mji huu haujawahi kuwa na hoteli. Nani aliyekuambia? Nikasema, mtu anayenipenda. Akaniambia, "Pole sana, mama," akanikalisha kwenye kiti chake, akanipa soda.

Wifi, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hii yako imenichukua siku nzima kwa basi. Sina hasira. Nina swali moja tu, na ukilijibu nitaamini yote. Umefika hapa mara mbili. Huu mnara unaonekana hata na mtu aliyefumba macho, unaonekana chooni, unaonekana kwenye sufuria. Una rangi gani?

Pasi


5 Septemba

Wifi,

Nilianza kuandika "mweupe," nikafuta. Nikaandika "una mistari myekundu," nikafuta. Mfa maji haachi kutapatapa. Halafu nikaenda kumuuliza daktari, maana yeye ametembea, akasema hakumbuki.

Sijui una rangi gani. Sijawahi kukanyaga huko. Mji huo niliusikia kwa abiria mmoja kwenye foleni ya posta, na yeye alikuwa anaulalamikia.

Sasa nisikilize, na usikatize, japo najua barua haikatizwi. Ulipoandika Februari kwamba unatafuta mji, nilicheza jikoni peke yangu, na lile jino langu bovu. Siku ileile nilinunua rangi. Haikubaki kutoka popote, niliinunua. Godoro nilinunua. Ubao wa kushikilia ngazi nilimfuata seremala nikamwambia, wifi yangu ana magoti mabaya na maneno makali, weka imara. Muuza mboga hakusikia kokote, mimi ndiye niliyemwambia, nimemwambia kila mtu mtaa huu.

Lakini nikajua nikikuandikia "njoo," hutakuja. Nikisema kulia unakwenda kushoto, ndivyo tulivyoishi. Basi nikasema, nitausema vibaya mji wangu, nitausifu ule mwingine, na huyu mbishi atashuka hapa na mabegi yake akidhani amenikomoa. Nilijiona nina akili. Nilikuwa nacheka nikibandika stempu. Ningejuaje kwamba ndiyo siku uliyochagua kuwa mtu mwema?

Tangu kaka afariki nakula nimesimama, Pasi. Jikoni, sufuria mkononi. Meza naiogopa, ina viti vinne. Majirani wananiletea chakula kwa sababu wananiona dirishani. Miaka thelathini na zaidi nimeunganisha watu kwa simu, "subiri, usikate," watu nisiowajua, na mimi mwenyewe nimeshindwa kusema neno moja.

Njoo. Nimesema. Njoo ukae na mimi. Kodi yako nitailipa mimi. Mji huu ni mzuri, daktari ni mzuri, hata seremala si mbaya. Nisamehe kiwanda cha barafu.

Redio


24 Septemba

Wifi yangu,

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka kinyozi akaja kugonga mlango kuuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamsomea kipande cha godoro. Lililokataa mlango wa chini likapita juu, lilipaa? Alipoondoka nikaisoma tena, nikafika kwenye viti vinne, nikalia sana. Sasa tuko sawa.

Kwa kuwa umesema yako, na mimi niseme yangu. Wewe unadhani miji ilikuwa miwili? Ulikuwa mmoja. Wako. Huu wa mnara niliuokota kwenye ramani ya ukutani ofisini kwa mhasibu, asubuhi ile ile niliyokuandikia, kwa sababu niliona aibu kuonekana naomba nafasi nyumbani kwako. Mjane mzima na makochi yake mekundu, amkimbie mwanawe, aende kumwambia wifi yake "nipokee"? Thubutu! Nikasema nitauliza kwa mbali, na wifi atasema mwenyewe, "njoo." Ungeandika neno hilo Februari, ningefika Machi na kustaafu kungenikuta huko. Badala yake nikapata kurasa nne za kunifukuza. Niliumia, wifi. Niliumia nikakushukuru kwa adabu, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Lakini siji.

Usitupe barua, soma mpaka mwisho. Hapa kuna kitu ambacho hukukisifia kwa sababu hukukijua. Upepo. Unatoka baharini umenyooka, unapita nyuma ya nyumba yangu kama umetumwa. Nimefunga kamba tatu. Shuka nikilianika, nikimaliza kuanika la mwisho la kwanza limekauka, jeupe, lina harufu ya jua. Maisha yangu yote nimekausha mashuka kwa moto wa mashine, ndani, bila dirisha, nikitoka nje giza. Sijawahi kuona shuka likicheza. Natoa kiti, nakaa, natazama nguo zangu zinakauka, na honi ikilia naiitikia. Zahanati ya hapa wamenikuta nimekaa hivyo, wakaniomba niwafulie mashuka yao asubuhi mbili kwa wiki, nami nimekubali kwa sharti la kufulia nje. Na huko kwako, kwa maneno yako mwenyewe, nguo ikianikwa leo inavaliwa wiki ijayo. Hilo peke yake ndilo nililoliamini.

Kwa hiyo njoo wewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mji umeusifia hivyo, maji matamu, jua la upole, watu hawasengenyi, halafu uukimbie? Watu wa hapa nimeshawasimulia sifa zako, wanataka kumwona mtu aliyeuona mji wao kuliko wao wenyewe.

Bati limezibwa. Nilipanda mwenyewe na nyundo, na magoti haya. Vyumba viwili: kimoja kinatazama bahari, kimoja kimeegemea kiwanda cha barafu. Nadhani unajua kipi ni chako.

Natandika kitanda. Usinijibu kwa ujanja.

Pasi


12 Oktoba

Pasi,

Nimekaa na barua yako siku nyingi, nikikasirika asubuhi, nikicheka mchana. Kila mtu nimempa nafasi ya kunikataza. Daktari alisema hewa ya huko itanifaa, msaliti. Muuza mboga kalia. Seremala ameomba godoro, nimemwambia aombe kitu kingine. Mwanetu nimempigia simu, ndiyo, simu, nimeishika kwa leso, nikamwambia mama yako na mimi tutaishi pamoja. Akauliza nani atakuwa wa kwanza kuita polisi.

Naogopa, wifi. Nimekaa mji huu tangu nikiwa na kiuno. Hapa nikinyamaza siku moja watu wanagonga mlango. Huko sina mtu, nina wewe tu, nawe una maneno makali. Lakini jana jioni nilipakua chakula, nikavuta kiti, nikakaa mezani peke yangu kujifunza upya, ili nikifika huko nisikuaibishe mbele ya kinyozi. Chakula kikashuka vizuri.

Funguo nimezirudisha kwa mwenye nyumba. Nyumba hii sina tena, kwa hiyo ukibadili mawazo utanikuta stendi ya mabasi mpaka nife, na nitawaambia wapita njia wote ni wewe.

Godoro linakuja juu ya basi. Viti viwili vinakuja, viwili nimewaachia majirani. Rangi nyeupe nimenunua kopo jingine.

Nafika Jumamosi. Chumba cha bahari ndicho changu. Kama kitanda chako kiko humo, kitoe.

Redio